Shina Moja, Toba Mbili: Historia ya Neno "Repentance"

Katika Kiingereza yapo maneno mawili, "penance" na "repentance". La kwanza lataja kitubio pamoja na malipizi yake. La pili lataja toba ya moyoni. Wakristo wa Magharibi walishindana vikali juu yake, ingawa yote mawili yametoka katika shina moja.

Shina hilo ni kitenzi cha Kilatini "paenitere", yaani kujuta. Kutokana nacho lilipatikana jina "paenitentia", ambalo katika Kifaransa cha kale lilifupika likawa "penance". Kitenzi hicho hicho, kikitanguliwa na "re", kilizaa "repentir" na jina lake "repentance". Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na maneno yote mawili yakaingia katika Kiingereza.

Tofauti yao ilikuzwa kanisani. Wengi waliandika "poenitentia", wakilihusisha neno na "poena", maana yake adhabu. Tena, pale Yesu anapowaita watu katika Mathayo 4:17, Biblia ya Kilatini ilitumia maneno yaliyoweza kueleweka kama amri ya kutimiza kitubio. Lakini Kiyunani chasema "metanoeite", yaani geuzeni nia zenu. Martin Luther aliujenga juu ya wito huo msimamo wa kwanza kati ya ile 95 ya mwaka 1517, akifundisha kwamba toba ni ya maisha yote ya mwamini.

William Tyndale alipochapisha Agano Jipya la Kiingereza huko Worms mwaka 1526, aliacha "penance" akachagua "repent". Mwaka 1529 Thomas More alimshutumu kwa uchaguzi huo, maana alitambua kwamba kubadili neno ni kugusa mafundisho na desturi za Kanisa. Wakatoliki wa Kiingereza walipotoa Agano Jipya lao huko Rheims mwaka 1582, walilirudisha neno la zamani.

Twaona, basi, kwamba asili ya neno peke yake haiamui maana yake. Matumizi ya Kanisa ndiyo huiamua. Hata katika Kiswahili, "toba" na "kitubio" ni ndugu, wana wa kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kurudi. Tunaposema "tubuni" mimbarani, hatuna budi kujiuliza: je, wasikiao wanaitwa kulipa deni, au wanaitwa kurudi nyumbani kwa Baba?