Bandu Bandu Huisha Gogo: Historia Fupi ya Mifumo Inayosomana

Katika miaka ya karibuni sentensi moja imekuwa ikirudiwa nchini Tanzania, katika hotuba za viongozi, vikao vya watendaji na ripoti za wakaguzi: mifumo isomane. Maana yake haihitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyewahi kufuatilia leseni, hati ya kiwanja au mafao ya uzeeni. Ofisi moja inadai nakala ya cheti kilichotolewa na ofisi ya pili. Ya pili inadai barua kutoka ofisi ya tatu. Na mwananchi anageuzwa tarishi wa kubeba taarifa ambazo zote tayari zimo mikononi mwa serikali ileile.

Hata hivyo, sentensi hiyo husemwa kana kwamba ni agizo la kiufundi, ambalo wataalamu wa kompyuta watalitekeleza mara tu wakipewa fedha na muda. Historia inatufundisha vingine. Wazo la kujenga programu kwa huduma zinazoitana lina zaidi ya nusu karne. Katika kipindi hicho limepita kwenye maduka, mabenki, hospitali na dola, na kila lilikopita liliibua maswali yaleyale: nani mwenye taarifa, nani anaamuru, nani anawajibika, na je, tubomoe nyumba yote leo au turekebishe chumba kimoja kimoja?

Tuanze mwaka 1968. Mwezi Oktoba wa mwaka huo, wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani, chini ya udhamini wa NATO, kujadili jambo lililokuwa likiwatia hofu: programu zilikuwa zimeanza kukua kuliko uwezo wa binadamu wa kuzielewa. Mwaka huohuo Mmarekani Melvin Conway alichapisha makala katika jarida la Datamation, akidai kwamba taasisi inayosanifu mfumo itazaa mfumo wenye sura ya mawasiliano ya ndani ya taasisi hiyo. Kwa lugha yetu ya leo, idara zisizosemezana zitazaa mifumo isiyosomana. Miaka minne baadaye, 1972, David Parnas alionyesha njia ya kuigawa programu katika sehemu ambazo kila moja inaficha undani wake na kuwaachia wengine mlango mmoja tu wa kubishia hodi. Anayepanga upya vyombo vya ndani asiwalazimishe majirani kubomoa kuta zao.

Mwaka 1996 wachambuzi wa kampuni ya Gartner waliupa mwelekeo huu jina la usanifu unaojengwa juu ya huduma. Huduma, kwa maana hii, ni kazi moja iliyokamilika: kuthibitisha utambulisho wa mtu, kukokotoa kodi, kupokea malipo. Ina mwenyewe anayewajibika kwayo. Ina mkataba unaoeleza inapokea nini na inajibu nini. Mfumo mwingine wowote ulioruhusiwa unaweza kuiomba ifanye kazi hiyo, bila kujua imeandikwa kwa lugha gani ya kompyuta wala imehifadhiwa katika seva ya nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazo hili lilitekwa na wauzaji. Mashirika makubwa ya Marekani na Ulaya yaliuziwa programu ghali za kuunganisha mifumo, yakaamini kwamba kununua ni sawa na kubadilika. Idara ziliendelea kuhodhi taarifa zake kama zamani, isipokuwa sasa zilifanya hivyo kwa mitambo ya kisasa zaidi. Januari 2009 mchambuzi Anne Thomas Manes wa Burton Group aliliandikia jina hilo tanzia, huku akisisitiza kwamba huduma zenyewe bado zinahitajika. Oktoba ya mwaka huohuo wataalamu 17 walitoa tamko lililotanguliza uboreshaji wa hatua kwa hatua mbele ya ndoto ya kupata ukamilifu tangu siku ya kwanza. Tamko hilo lilikuwa muhtasari wa yale ambayo baadhi ya taasisi zilikuwa zimekwisha kujifunza kwa vitendo.

Katika biashara, mfano unaotajwa zaidi ni Amazon. Duka hilo la mtandaoni lilianza likiwa na programu moja kubwa ambayo kila timu iliigusa, na kila aliyeigusa aliweza kuharibu kazi ya mwenzake. Mnamo mwaka 2002 hivi, uongozi uliamuru kila timu itoe taarifa na kazi zake kupitia milango rasmi tu, na kwamba pasiwe na njia ya panya ya kuchungulia hifadhidata ya timu nyingine. Milango hiyo ilitakiwa isanifiwe tangu mwanzo kwa namna ambayo siku moja ingeweza kufunguliwa hata kwa watu wa nje. Mwaka 2006 kampuni ilianza kuwauzia wengine nafasi ya kuhifadhi taarifa na uwezo wa kompyuta, biashara ambayo leo inabeba sehemu kubwa ya intaneti.

Netflix ilifika hapo kwa kusukumwa na janga. Agosti 2008 hifadhidata yake kuu iliharibika, na kwa siku tatu kampuni ikashindwa kuwatumia wateja DVD. Uongozi uliamua kuondokana na mfumo mmoja ambao ukianguka huanguka na kila kitu. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka saba na kukamilika Januari 2016. Sehemu zisizomgusa mteja moja kwa moja, kama uandaaji wa faili za filamu, zilihamishwa mapema. Zile nyeti, kama utozaji wa fedha, ziliachwa hadi mwisho, baada ya timu kupata uzoefu. Mwingereza Martin Fowler alikuwa amekwisha kuipa mbinu ya namna hiyo taswira yake mwaka 2004: mmea wa jamii ya mkuyu unaoota juu ya mti wa zamani, ukateremsha mizizi polepole, hadi siku ambayo mti wa ndani umekufa na mmea mpya unasimama wenyewe. Wahenga wetu waliliona jambo hilohilo kwa upande wa shoka: bandu bandu huisha gogo.

Kwa dola, mfano wenye uzito zaidi ni Estonia. Nchi hiyo yenye watu takriban milioni 1.3 ilirejesha uhuru wake mwaka 1991 ikiwa na hazina nyembamba. Kila rejista, iwe ya watu, ya kampuni au ya magari, ilikuwa na mfumo wake. Badala ya kujenga hifadhidata moja kuu, mwaka 2001 Estonia ilizindua X-Road, njia salama ambayo rejista hizo zingetumia kuulizana na kujibizana. Kila taasisi ilibaki na taarifa zake na wajibu wa kuzitunza. Sheria ikakataza kuanzisha hifadhidata ya pili ya kukusanya taarifa zilezile ambazo tayari zinakusanywa kwingine. Huduma ziliongezwa moja baada ya nyingine, na mwaka 2017 Estonia na Finland zikaanzisha taasisi ya pamoja ya kuendeleza teknolojia hiyo.

Sasa tuangalie walioamua kuangusha gogo kwa pigo moja. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa wa kompyuta kwa ajili ya huduma za afya. Mikataba mikubwa ilisainiwa kutoka juu, na hospitali zilitakiwa kupokea mifumo ambayo madaktari na wauguzi wake hawakushiriki vya kutosha kuibuni. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, baada ya kutengewa mabilioni ya pauni. Aprili 2018 benki ya TSB ya nchini humohumo iliwahamisha wateja wake wapatao milioni tano kwenda mfumo mpya, karibu wote katika mwisho mmoja wa wiki. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na ilichukua hadi Desemba hali kutengemaa. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Tofauti ya makundi haya mawili haikutokana na akili wala na fedha, kwa maana Uingereza ilikuwa na vyote kuliko Estonia. Ilitokana na ukubwa wa kosa ambalo kila mmoja aliruhusu litokee kwa wakati mmoja. Anayehamisha huduma moja akikosea, anairudisha ilipokuwa, anajifunza, anajaribu tena. Anayehamisha zote kwa usiku mmoja hana pa kurudi, na kosa lake linabebwa na mgonjwa dirishani au na mfanyabiashara mdogo anayetakiwa kulipa mishahara asubuhi.

Lakini tusiifanye hatua kwa hatua kuwa kisingizio cha kutofika. Njia hii nayo ina gharama zake. Mfumo wa zamani na mpya huishi pamoja kwa miaka, na wote wawili hudai wataalamu, umeme na bajeti. Wapo wanaohamisha asilimia fulani ya kazi kisha wakaishia hapo, wakabaki na mifumo miwili mibovu badala ya mmoja. Waliofanikiwa walikuwa na mambo matatu: amri au sheria inayomfunga kila mmoja, mwenye kila huduma anayejulikana kwa cheo, na uamuzi wa kuzima cha zamani pindi kipya kinapothibitika. Mambo yote matatu ni ya utawala kabla ya kuwa ya kompyuta.

Afrika Mashariki si mgeni katika historia hii. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo; watumiaji wakaonyesha kwamba walichohitaji ni kutumiana fedha, na Machi 2007 ikazinduliwa kwa kazi hiyo finyu. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, na mwaka 2017 Safaricom ikawafungulia waandaaji wa programu mlango rasmi uliopewa jina la Daraja. Tanzania nayo, mwaka 2017, Wizara ya Fedha ilianzisha mfumo wa kupokea malipo ya serikali kwa njia ya kielektroniki. Taasisi hazikutakiwa kutupa mifumo yao. Zilitakiwa kutoa ankara yenye namba ya kumbukumbu na kuyapitisha malipo katika mlango mmoja. Zilijiunga kwa makundi, na leo mwananchi anayelipia maji, ada au faini anaifahamu namba hiyo hata kama hajui kwamba nyuma yake kuna falsafa ya miaka ya sabini. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikafuata kuuwekea utaratibu huo msingi mpana zaidi.

Hapa ndipo wanaharakati wanapaswa kukaa mkao wa kusikiliza. Mifumo ikisomana, mwananchi naye anasomeka zaidi. Taarifa ya hospitali, ya kodi, ya laini ya simu na ya ardhi, zikiwa mbalimbali, kila moja inaonyesha kipande cha mtu. Zikiunganishwa zinamwonyesha mzima. Urasimu wa makaratasi, pamoja na kero zake zote, ulikuwa pia ngao isiyokusudiwa: afisa mwenye nia mbaya alilazimika kuzunguka ofisi tano kabla ya kumjua mtu. Katika mfumo unaosomana, anahitaji kubonyeza mara tano tu.

Kenya imelipitia swali hili mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa Huduma Namba usiendelee hadi uwekewe mfumo wa kutosha wa kisheria, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanywa kwanza. Estonia ilijibu kwa kumpa mwananchi uwezo wa kuona ni taasisi zipi zimefungua taarifa zake katika rejista muhimu. Na mwaka 2017, kasoro ilipogunduliwa katika chipu za kadi zaidi ya 700,000 za utambulisho, serikali yake iliitangaza hadharani kabla ya kusitisha vyeti vya kadi hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kilichobaki ni kuifanya sheria hiyo iwe sehemu ya usanifu wenyewe, isiwe kiambatisho kinachosomwa baada ya mfumo kuzinduliwa.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayepokea andiko la mradi wa kuunganisha mifumo aulize: tunaanza na huduma ipi, nani mwenyewe, tukikosea tunarudi vipi, na cha zamani kinazimwa lini? Mwanaharakati aulize: nani ataruhusiwa kuomba taarifa yangu, kumbukumbu ya maombi hayo inahifadhiwa wapi, na mimi nitaiona kwa njia gani? Mwanafunzi wa kompyuta aelewe kwamba kila mlango anaousanifu unagawa madaraka, kwa maana unaamua nani aingie na nani abaki nje.

Mifumo yetu itasomana. Mwelekeo huo hauna dalili ya kurudi nyuma. Lakini serikali inayoweza kumsoma mwananchi kwa sekunde moja inadaiwa jambo jipya, nalo ni kukubali kusomwa na mwananchi huyo kwa wepesi uleule.