Kamera Haipimi Njaa: Misaada na Habari baada ya Vimbunga Idai na Kenneth

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, mji wa bandari wa Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na kuyageuza mashamba kuwa ziwa. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini humo. Picha za watu waliokwea mapaa na miti wakisubiri helikopta zilienea duniani, na misaada ikafuata. Majuma sita baadaye kimbunga Kenneth, chenye upepo mkali kuliko Idai, kilipita Komoro kisha kikaipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Waliokufa walikuwa wachache zaidi, mkoa uko mbali na mji mkuu, na tangu Oktoba 2017 ulikuwa ukiandamwa na mashambulizi ya waasi. Habari zake zilipata nafasi ndogo mno. Hoja ya makala haya ni kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Mfumo wa misaada umeviachia vyombo vya habari kazi ya kupima uhitaji, kazi ambayo haviwezi kuifanya.

Ushahidi wa jambo hili si wa leo. Mwaka 2007 watafiti Thomas Eisensee na David Strömberg walichapisha uchunguzi wa maafa yapatayo 5,000 yaliyotokea kati ya 1968 na 2002, wakitazama yapi yalipata msaada wa serikali ya Marekani. Waligundua kuwa maafa yaliyoangukia wakati wa Michezo ya Olimpiki yalikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kusaidiwa, ingawa michezo haipunguzi ukali wa mafuriko wala wa tetemeko. Kilichopungua ni nafasi katika taarifa ya habari. Waligundua pia kwamba upungufu wa chakula ulihitaji kuua makumi ya maelfu ya watu ili uwe na uwezekano wa kutangazwa ulio sawa na wa volkano iliyoua mtu mmoja.

Sababu iko wazi: habari hufuata tukio, ilhali uhitaji hufuata kalenda ya mkulima. Idai iliharibu zaidi ya hekta 700,000 za mazao wakati mavuno yakikaribia. Mahindi yaliyolala majini huoza au huota yakiwa bado kwenye gunzi, na mbegu ya msimu ujao hupotea pamoja na chakula cha msimu huu. Mkulima wa Buzi aliyeokolewa Machi alihitaji mbegu na jembe haraka, apande maji yalipopungua na udongo ungali na unyevu. Akivikosa, atasubiri mvua za mwisho wa mwaka na mavuno ya mwaka unaofuata. Miezi hiyo ya njaa haina paa la kupigiwa picha. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira hadi tarehe 1 Juni ulitoa ahadi za dola bilioni 1.2, wakati mahitaji yalikadiriwa kuwa bilioni 3.2. Kabla ya hapo, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limetoa dola milioni 118, tena kwa mkopo, kwa nchi iliyokuwa tayari imeelemewa na madeni.

Wapo watakaosema kwamba bila kamera hata hicho kidogo kisingepatikana. Ni kweli kwamba picha huokoa maisha. Lakini tuangalie mafanikio makubwa kuliko yote ya Beira. Kipindupindu kilipozuka, kampeni ya chanjo ilianza mapema Aprili, ikawafikia zaidi ya watu 800,000 kwa muda wa juma moja hivi, na ugonjwa ukadhibitiwa. Chanjo hiyo ilitoka kwenye akiba ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2013. Uamuzi wa kuinunua na kuihifadhi ulifanyika kabla mtu yeyote hajalisikia jina la Idai. Kilichowaokoa watu wale kilikuwa maandalizi.

Basi fedha nazo ziwekwe kwa mtindo huo. Mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kazi mwaka 2006, hutenga sehemu yake kwa majanga yaliyosahauliwa. African Risk Capacity, chombo cha Umoja wa Afrika kilichoundwa mwaka 2012, huilipa nchi iliyokata bima pindi vipimo vya ukame vinapofikia kiwango kilichokubaliwa. Wafadhili na serikali zetu waijaze mifuko ya aina hii mapema, na malipo yaamuliwe na utabiri wa upepo na kina cha mito. Wahariri nao, hasa wa Dar es Salaam na Nairobi, watenge bajeti ya kumrudisha mwandishi msimu wa kupanda na msimu wa njaa. Kenneth ilipokaribia, watu wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, nao walihamishwa. Cabo Delgado ni jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma. Mwandishi anayerudi huko miezi sita baadaye ndiye atakayeweza kuwauliza waliotoa ahadi kama wamezitimiza, na uandishi wa namna hiyo unamfaa mwathirika kuliko picha nyingine ya helikopta.