Saratani ya mapafu huwapata hata vijana wasiovuta sigara

Saratani ya mapafu aghalabu ni maradhi ya wazee. Nchini Marekani, wagonjwa wengi hugunduliwa wakikaribia au wakipita miaka 70. Hata hivyo, huwapata pia walio chini ya miaka 40, wakiwemo wasiowahi kuvuta sigara.

Aina inayowapata vijana zaidi ni adenokasinoma, ambayo huanzia katika seli zinazotoa ute. Mara nyingi chanzo chake ni kasoro katika jeni kama vile ALK, ROS1 na EGFR.

Tatizo kuu ni kuchelewa. Kikohozi cha kijana hudhaniwa kuwa pumu, nimonia au, katika nchi kama Kenya, kifua kikuu. Ugonjwa unapobainika, mara nyingi huwa umekwisha kuenea hadi mifupani au kwenye ubongo.

Hata hapo, matumaini yapo. Katika utafiti uliochapishwa 2024 kuhusu wagonjwa wenye kasoro ya ALK ambao saratani ilikuwa imesambaa, asilimia 60 ya waliotumia tembe za lorlatinib walikuwa hai baada ya miaka mitano bila ugonjwa kuzidi. Miongoni mwa waliotumia dawa ya awali, walikuwa asilimia 8. Lakini daktari hawezi kuziagiza tembe hizo kabla ya jeni za uvimbe kupimwa.

Kwa hivyo, anayekohoa damu, au anayetibiwa kifua kikuu bila kupata nafuu, anafaa kurudi hospitalini achunguzwe upya, hata akiwa kijana.