Fundi, balozi na tai wa mbao: jinsi sikio la Moscow lilivyonaswa

Agosti 4, 2025 ilitimia miaka 80 tangu watoto wa chama cha Mapayonia wa Kisovieti wamkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha miezi mitatu tu nyuma, mataifa hayo mawili yalikuwa bado yakiitana marafiki, na tai yule alikuwa kazi ya fundi kweli. Harriman akamtundika ukutani katika chumba chake cha kazi ndani ya Spaso House, jumba ambalo tajiri Nikolai Vtorov alijijengea kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ambalo mabalozi wa Marekani wanaishi tangu 1933. Tai akakaa pale miaka saba. Mabalozi wanne wakapishana chini yake, na mazungumzo yao yakasikika nje kila Warusi walipotaka kuyasikia.

Kisa hiki kinasimuliwa sana, na karibu kila mara sifa zinamwendea mtu mmoja: Lev Termen, ambaye Wazungu wa magharibi wanamwita Theremin. Na kwa kweli maisha yake yanavutia. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1896, akabuni ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, akamwonyesha Lenin, akaishi New York miaka ya 1930, akarudi kwao 1938, akakamatwa mwaka uliofuata na kupelekwa Kolyma, kisha akafungiwa katika maabara ya wafungwa alikotakiwa kuifanyia serikali utafiti. Mwaka 1947 serikali hiyohiyo ikampa Tuzo ya Stalin. Alifariki Moscow mwaka 1993, mwaka ambao pia ilitoka filamu kuhusu maisha yake.

Aliyekigundua kidude alichokibuni Termen, kilichofichwa ndani ya tai, hakutengenezewa filamu. Anaitwa Joseph Bezjian, fundi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na ukisoma kumbukumbu za balozi aliyekuwepo siku ile, George Kennan, jina hilo hulikuti. Kennan, mmoja wa waandishi hodari kabisa kati ya wanadiplomasia wa karne iliyopita, anaeleza tukio zima kwa ufasaha wa kuigwa, lakini aliyefanya kazi anabaki kuwa “fundi” tu. Jina linapatikana katika historia iliyoandikwa na wizara yenyewe kuhusu kitengo chake cha ulinzi. Makala haya yameegemea vyanzo hivyo viwili, na sifichi kwamba upande wangu ni wa fundi.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kutafuta redio iliyofichwa haikuwa kazi mpya mwaka 1952. Wakati wa vita, Wajerumani waliwasaka maopareta wa redio wa siri mjini Paris kwa magari yenye antena, na mitaa ilipokuwa myembamba walishuka na kutembea kwa miguu, vipokezi vidogo vikiwa vimefichwa chini ya makoti. Kifaa rahisi kuliko vyote cha kugundua mawimbi kina vitu vitatu: antena, dayodi, na kitu cha kukuonyesha jibu, iwe mshale au spika ya sikioni. Antena inanasa wimbi, dayodi inaruhusu umeme wake upite upande mmoja tu, na kinachobaki kinasukuma mshale au kinatoa sauti. Hakichagui masafa, kinapokea chochote chenye nguvu kilicho karibu. Huo ndio uzuri wake, maana huhitaji kujua adui anatangaza kwenye masafa gani. Na huo ndio ubaya wake, maana kituo cha redio cha jirani nacho kinakifanya kipige kelele.

Mwaka 1951, opareta wa redio katika ubalozi wa Uingereza mjini Moscow alikuwa akifuatilia mawasiliano ya jeshi la anga la Kisovieti aliposikia Wamarekani wakizungumza. Si kwa msimbo, si kwa simu. Ni mazungumzo ya watu waliokaa chumbani. Mfanyakazi mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani akajaribu naye, kwa kipokezi cha aina hiyohiyo niliyoieleza, kisichochagua masafa na chenye dayodi tu, na akapata matokeo yaleyale. Basi ikajulikana kwamba jumbani kuna kitu. Kilipo, hakuna aliyejua.

Wakaguzi walipita, wakapima, wakagonga kuta, wakaondoka mikono mitupu. Sababu tunaijua leo. Kidude cha Termen hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa kopo dogo la shaba lililopakwa fedha, mdomo wake umefunikwa kwa utando mwembamba wa chuma, na ubavuni kilitokeza kijiti cha antena chenye urefu wa sentimeta 23 hivi. Warusi walikirushia mawimbi ya redio kutoka nje ya jumba. Mtu akisema chumbani, sauti yake ilitikisa ule utando, utando ukayabadilisha mawimbi yanayorudi, na msikilizaji wa nje akayapokea yakiwa yamebeba maneno. Wakizima mtambo wao wa nje, kidude kinakuwa chuma kama chuma kingine chochote. Ukaguzi ukitangazwa, au wakaguzi wakionekana wakishusha masanduku getini, kilichohitajika ni mtu wa nje kubonyeza swichi na kwenda kunywa chai. Hakuna kifaa duniani kinachoweza kunasa mawimbi ambayo hayapo.

Bezjian aliliona hilo. Mara hii akaingia Spaso House kama mgeni wa balozi, mtu wa kulala siku chache na kula mezani, si kama fundi. Ilikuwa Septemba 1952. Kennan alikuwa na miezi minne tu tangu ashike kazi, na tayari alishajiona kama mfungwa ndani ya jumba hilo kubwa, askari wakimfuata kila atokapo. Aliombwa kitu kidogo: jioni akae kwenye chumba cha kazi na kufanya kama anaendelea na shughuli za ubalozi. Akamwita katibu muhtasi wake, akatafuta waraka wa zamani wa kibalozi ambao haukuwa na siri tena, akaanza kuuimla kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, naye katibu akiandika kwa bidii zote.

Hebu fikiria jioni hiyo. Nje ya jumba, mahali fulani, kuna Mrusi amevaa spika masikioni, amefurahi kwamba hatimaye balozi anafanya kazi ya maana, ameuwasha mtambo wake kwa nguvu zote. Ndani, mafundi wanazunguka chumba kwa chumba na vyombo vyao. Wizara inasema walitumia mtambo wa kutoa mawimbi pamoja na kipokezi, wakivipandisha na kuvishusha katika masafa mbalimbali. Wakigonga masafa ambayo sauti ya chumba inatokea, kipokezi kinaanza kulia kwa ukelele mkali. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi anaujua ukelele huo: MC amesogea na kipaza sauti mbele ya spika.

Ghafla fundi mmoja akatokea mlangoni mwa chumba cha kazi. Kwa ishara na minong'ono akamsihi balozi aendelee, asinyamaze. Akatoweka, akarudi na mwenzake, wakaanza kuzunguka chumbani humo huku Kennan akiendelea na waraka wake. Wakaishia kwenye kona iliyokuwa na meza yenye redio, na juu ya redio tai wa mbao. Fundi akamshusha tai, akachukua nyundo ya mwashi, akaanza kuubomoa ukuta wa matofali pale tai alipokuwa ametundikwa. Kennan anakiri kwamba alipigwa na butwaa. Ukuta haukutoa kitu. Basi fundi akaigeukia nembo yenyewe, akaipasua, na kutoka tumboni mwake akatoa kitu kidogo, mikono ikimtetemeka kwa furaha.

Kuna jambo hapa ambalo mashabiki wa vifaa hulipita haraka. Chombo kilimfikisha Bezjian kwenye kona. Kilimwambia kwamba mawimbi yanatoka upande ule, lakini hakikumwambia kama ni ukutani, kwenye redio au kwenye mbao, na ndiyo maana alianza kwa kubomoa pasipostahili. Waliomnasa tai walikuwa watu watatu: balozi aliyekubali kusoma waraka mkavu kama kinyago, katibu aliyeandika asichokihitaji, na fundi aliyekuwa na akili ya kuja kama mgeni. Chombo kilikuwa cha nne.

Usiku huo, inavyosimuliwa, Bezjian alilala na kidude chini ya mto, akihofia Warusi wasije wakakifuata, kisha kikasafirishwa kwenda Washington. Asubuhi Kennan alikuta hali ya hewa jumbani imebadilika. Wafanyakazi wa Kirusi waliokuwa na kawaida ya kumsalimu walimtazama kwa chuki ya wazi. Siku chache baadaye alisafiri, na alipofika uwanja wa ndege wa Berlin akawaambia waandishi wa habari kwamba maisha ya mwanadiplomasia Moscow hayana tofauti na kuwekwa kizuizini chini ya Wanazi, jambo lililompata yeye mwenyewe Ujerumani ilipoingia vitani na Marekani. Oktoba 3 Warusi wakamtangaza kuwa hatakiwi tena nchini mwao. Sababu waliyoitoa ilikuwa maneno ya Berlin.

Kidude kilikwenda kuwasumbua wanasayansi. Wamarekani hawakuelewa kinavyofanya kazi, na utando wake ulikuwa umeharibika. Peter Wright, mtaalamu wa Uingereza aliyekuwa akisaidia idara ya MI5, anasimulia katika kitabu chake, Spycatcher, jinsi alivyokifufua na kisha kuwatengenezea Waingereza cha kwao kilichopewa jina la SATYR.   

Kwa miaka minane Wamarekani waliufyata. Hata Mei 1960, Warusi walipoidungua ndege ya kijasusi ya U-2 na kulalamika kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ndipo balozi Henry Cabot Lodge alipomleta tai mbele ya dunia, akaufungua mwili wake na kuonyesha kilichokuwamo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: hata wanaotushtaki wanatupeleleza. Azimio la Kisovieti likaanguka kwa kura saba dhidi ya mbili. Leo nakala ya tai huyo ipo kwenye makumbusho ya Fort Meade, Maryland, na mgeni anaweza kuifungua kama mlango wa kabati.

Baada ya hapo hadithi ya vifaa vya kugundua mawimbi ni ya kufukuzana. Mwaka 1964 zaidi ya maikrofoni 40 zilipatikana ndani ya kuta za ubalozi wa Marekani Moscow. Zilitumia waya, kwa hiyo chombo cha mawimbi kisingezisikia hata kingekaa pale mwaka mzima, na ikabidi kuta zivunjwe. Mwaka 1984 ikagundulika kwamba mashine 16 za kuchapia za ubalozi huohuo na za ubalozi mdogo wa Leningrad zilikuwa zikituma nje kila herufi iliyobonyezwa. Zenyewe zilitumia redio kweli, lakini zilijificha karibu na masafa ya televisheni ya Moscow na ziliweza kuzimwa kwa mbali ukaguzi ulipoanza. Ujanja wa mwaka 1952 umerudi, safari hii ukiwa na betri. Zilinaswa kwa picha za eksirei, si kwa antena.

Siku hizi kifaa cha mkononi chenye antena na taa ndogo zinazowaka moja baada ya nyingine kinauzwa mtandaoni kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Wanaokinunua si mabalozi. Ni wasafiri wanaoogopa kamera zilizofichwa kwenye vyumba vya kulala wageni, hofu ambayo kwa bahati mbaya ina msingi. Matangazo yanaahidi usalama kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hapo ndipo ninapokasirika, maana somo la Spaso House limelala miaka zaidi ya 70 na wauzaji hawataki kulisoma. Kifaa hicho kinanasa kinachotangaza wakati huohuo tu. Kamera inayohifadhi picha kwenye kadi yake ya kumbukumbu, bila kuzirusha hewani, inakaa kimya mbele yake. Ndani ya nyumba yenye Wi-Fi, simu nne na saa ya mkononi ya mgeni mwenyewe, taa zinawaka zote na mtu anatoka hotelini akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoingia.

Anayetaka kukitumia vizuri azime simu yake, aombe ruta izimwe kama inawezekana, apunguze usikivu wa kifaa hadi taa moja ibaki, kisha atembee polepole akikaribia kila kitu kwa zamu: king'ora cha moshi, saa ya ukutani, chaja iliyoachwa kwenye soketi. Mawimbi hupungua nguvu haraka kadiri unavyojitenga nayo, hivyo taa zinapopanda unapokaribia na kushuka unaporudi nyuma, kuna jambo. Na taa zisipopanda, bado hajamaliza. Wanaoifanya kazi hii kama ajira hubeba tochi na bisibisi pamoja na chombo chenye antena, na sehemu kubwa ya muda wao huishia kwenye kufungua vifuniko na kuchungulia ndani.