Jumapili za miaka mitatu

Hebu itazame namba hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Ukitaka kuipata mwenyewe, andika 2 mara 67, zizidishe zote, kisha toa 1.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha kitabu ambamo aliiweka namba hii kwenye orodha ya namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mersenne hakuwa mtu wa mchezo. Aliandikiana barua na akina Descartes na Fermat, na wasomi wa Paris walikuwa wakikutana kwake. Nani angembishia? Na hata angetaka kubisha, angeanzia wapi? Kuijaribu namba ya tarakimu 21 kwa mkono, kigawo kimoja baada ya kingine, ni kazi ya kumaliza maisha.

Basi neno la mkubwa likasimama miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, akapata njia ya kuipima namba ya aina hiyo bila kuvitafuta vigawo vyake. Jibu: siyo tasa. Lakini ni namba zipi zinazoigawanya? Njia yake haikuonyesha. Ni sawa na kuhakikishiwa kuwa ndani ya nyumba kuna mwizi, ila huambiwi yuko chumba gani.

Mwizi alikamatwa Oktoba 1903, New York. Frank Nelson Cole, profesa wa Columbia, alikuwa na zamu ya kuzungumza kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Inasimuliwa kuwa hakufungua kinywa. Alishika chaki, akazidisha 2 mara 67, akatoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao na kuandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha kwa mkono mpaka mwisho. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Leo kompyuta inaivunja namba hiyo kufumba na kufumbua. Fumbo lenyewe limehamia kwenye namba kubwa zaidi. Kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi. Kuzitafuta tena ndani ya jibu ndiyo shughuli. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga juu ya ugumu huo mfumo wa RSA, ambao umelinda siri nyingi za watu kwenye intaneti.

Kinachonigusa mimi kama mwandishi wa habari ni kile kimya cha Cole. Hakumtukana Mersenne wala hakutaja shahada zake. Aliweka hesabu ubaoni, na kila aliyekuwepo aliweza kuikagua.

Huku kwetu, ndugu msomaji, ni mara ngapi mjadala unafungwa kwa "mheshimiwa amesema"? Takwimu ikishatoka kinywani mwa mkubwa, tunaichapa ukurasa wa kwanza. Nani anakaa Jumapili moja tu kuipiga hesabu upya?