Newton na Pilot: kompyuta mbili za mfukoni kabla ya simu janja

Safari hii historia yetu haihusu vita wala marais. Inahusu vitu viwili vidogo vilivyotengenezwa Marekani wakati wengi wetu bado hatujazaliwa. Ni kompyuta za mfukoni. Moja ni Newton ya kampuni ya Apple, nyingine ni Pilot ya kampuni ya Palm. Zote mbili hazitengenezwi tena. Lakini tumeamua kuziandikia kwa sababu zilikuwa zinajibu swali ambalo hata leo ukishika simu unalikuta: hiki kitu kinifuate mimi, au mimi nikifuate chenyewe?

Tuanze na Newton. Januari 1992 John Sculley, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa Apple, alisimama kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki kule Las Vegas akatangaza kwamba kuna aina mpya ya kifaa inakuja. Akaiita msaidizi binafsi wa kidijitali. Agosti 1993 kifaa kikaingia sokoni kwa jina la MessagePad, ila watu wengi walikiita Newton tu. Bei yake ilikuwa karibu dola 700.

Newton haikuwa na vitufe vya herufi. Ulikuwa unaandika kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo, kwa mwandiko wako mwenyewe, yenyewe inaugeuza kuwa maandishi ya chapa. Ukiandika kwamba Jumanne unakula chakula cha mchana na fulani, inafungua kalenda na kukupangia miadi. Ukichora duara limepinda, inalinyoosha. Mwaka 1993 hiyo! Watu wengi duniani walikuwa hawajawahi hata kuona intaneti.

Shida ikaja kwenye kusoma mwandiko. Programu ya kazi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Kirusi inayoitwa ParaGraph. Katika toleo la kwanza, programu ilikuwa inalinganisha ulichoandika na orodha ya maneno iliyobebwa ndani ya kifaa, kama kamusi. Neno likiwemo, sawa. Lisipokuwemo, inatafuta linalofanana nalo na kukubandikia hilo. Yaani umeandika hivi, imesoma vile. Mwaka huohuo mchora katuni Garry Trudeau aliicheka kwenye katuni zake za magazetini, Doonesbury, na kicheko kikaenea nchi nzima. Apple walirekebisha programu, na Newton za mwaka 1997 zilisoma mwandiko vizuri kabisa. Lakini jina likishaharibika sokoni, kulisafisha ni kazi.

Hapa tusimame kidogo. Kifaa kinachosoma kwa kufuata orodha ya maneno kinamjua yule tu ambaye maneno yake yamo kwenye orodha. Hebu fikiria unaandika Nshimirimana, au Byamungu, kwenye mashine iliyobeba kamusi ya Kiingereza. Ingekugeuza mtu mwingine. Ndiyo, ungeweza kuongeza neno kwenye orodha, lakini ni moja moja, na wewe ndiye wa kwenda kujitambulisha. Sisi tunaojitolea kuandika majina ya watu tunajua uzito wake: herufi moja ikikosewa, mama anaambiwa jina lake halionekani, rudi kesho.

Sasa twende kwa Palm. Mwanzilishi wake, Jeff Hawkins, alikuwa ameshaonja kushindwa. Mwaka 1993 kampuni yake ilishiriki kutengeneza kifaa kilichoitwa Zoomer. Kilikuwa kizito, cha polepole, na watu hawakukitaka. Kwa hiyo safari iliyofuata alianza na kipande cha mbao. Kabisa, mbao! Alikata kipande kinachoingia kwenye mfuko wa shati, akachonga na kijiti kiwe kalamu, akawa anatembea nacho. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, anatoa mbao yake, anajifanya anaangalia kalenda. Alitaka kujua ni mambo gani mtu anayahitaji kweli kwa siku, na kitu kikiwa cha ukubwa gani atakibeba bila kukiacha nyumbani. Ile mbao leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta huko California.

Pilot ikatoka mwaka 1996. Ya bei ya chini ilikuwa dola 299, yaani chini ya nusu ya bei ambayo Newton ilianza nayo. Uzito wake ulikuwa kama gramu 160, wakati Newton ya kwanza ilikaribia gramu 400. Memori yake ilikuwa kilobaiti 128 tu. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo. Ilikuwa na vitufe vinne vya kazi nne: kalenda, anwani za watu, mambo ya kufanya, na daftari. Ukibonyeza, papo hapo imefunguka.

Na kuandika je? Hapa ndipo Hawkins aligeuza mambo. Badala ya kuifundisha mashine mwandiko wa kila mtu, alimwomba mtu ajifunze alfabeti rahisi, iliyoitwa Graffiti. Herufi nyingi zinaandikwa kwa mchoro mmoja bila kuinua kalamu. A ni kama paa la nyumba, haina mstari wa katikati. Ukitaka nafasi kati ya maneno unavuta kalamu kwenda kulia, ukitaka kufuta unavuta kwenda kushoto. Kumbe Graffiti ilianza kuuzwa mwaka 1994, kabla ya Pilot, na mojawapo ya vifaa ilivyouziwa ni hiyohiyo Newton! Wenye Newton walinunua dawa kwa mtu ambaye baadaye angewashinda.

Mtu atasema, mbona hapo binadamu ndiye anayeifuata mashine? Ni kweli, nusu yake. Unajifunza mara moja, tena ni kazi ya muda mfupi. Ukishajifunza, mashine inaandika herufi ulizoipa, moja baada ya nyingine, bila kukuuliza neno hilo ni la lugha gani. Kiswahili, Kirundi, Kibembe, jina la ukoo, zote ni herufi tu. Newton ilikuwa na nia nzuri ya kukuelewa, ila iliishia kukusahihisha. Pilot haikujifanya inakuelewa. Ilipokea ulichosema.

Tusiwe na upendeleo, Newton nayo ilikuwa na yake. Ilikuwa na betri ndogo ya akiba inayolinda kumbukumbu wakati unabadilisha betri kubwa. Kwenye Pilot, ukitoa betri ulikuwa na kama dakika moja tu ya kuweka nyingine, la sivyo kila kitu kinafutika. Ilikuja na kitako chake: unaichomeka pale, unabonyeza kitufe kimoja, nakala ya kila kitu inaingia kwenye kompyuta ya mezani. Lakini kwenye ulaji wa umeme, Pilot ilishinda kwa mbali. Betri mbili nyembamba, zile za rimoti, zilitosha kwa wiki kadhaa. Sisi ambao simu inalala kwa fundi wa kuchaji na tunalipia, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika miezi 18 hivi ya kwanza Pilot zikauzwa zaidi ya milioni 1. Newton haikufika mbali. Februari 1998 Steve Jobs, aliyekuwa amerudi Apple, aliifunga kabisa.

Basi hayo yanatuhusu nini huku kwetu? Yanatuhusu. Desemba 2001 huko Ghana, wakati wa kampeni ya chanjo ya surua, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita kuhoji familia wakiwa na kompyuta za mkononi badala ya karatasi. Na jirani zaidi, kuanzia mwaka 2003 Uganda ilijenga mtandao wa taarifa za afya ambamo wahudumu wa vijijini walitumia vifaa vya Palm. Mhudumu anajaza taarifa za wagonjwa, anakwenda kituoni, anaelekeza kifaa kwenye kisanduku maalumu, taarifa zinasafiri kwa mtandao wa simu, na yeye anapokea taarifa mpya za matibabu. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwemo kwenye kazi hiyo. Kifaa kidogo, chenye kazi chache, kilifika mahali ambapo kompyuta kubwa isingefika.

Na Newton, je, ilipotea bure? Hapana. Apple walipokuwa wanaiandaa walihitaji prosesa isiyokula umeme mwingi. Novemba 1990 waliungana na Acorn ya Uingereza na kampuni ya VLSI kuanzisha kampuni inayoitwa ARM. Leo karibu kila simu janja duniani, ya bei kali au ya bei rahisi, inatumia prosesa ya muundo wa ARM. Hata hiyo unayosomea maneno haya. Newton ilikufa, lakini moyo wake unadunda mfukoni mwako. Palm nayo haikudumu. Baada ya iPhone ya mwaka 2007 ilipungua nguvu, ikanunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP wakaacha kutengeneza vifaa hivyo.

Kwa hiyo tunaposhauriana simu ya kununua, tusiishie kuuliza kamera ina ngapi. Tuuliza maswali ya ile mbao: siku nzima nakihitaji kufanya nini? Betri inakaa muda gani? Kikizima, vitu vyangu viko salama? Halafu ongeza la kwetu wenyewe. Fungua simu sasa hivi, andika jina kamili la bibi yako, uone kama litabaki lilivyo au litageuzwa neno la watu wengine. Likigeuzwa, nenda kwenye mipangilio uzime hiyo kusahihisha maneno. Tena ukiwa unaandika majina ya wenzako kwenye orodha, izime kabla hujaanza.

Wewe simu yako imeandika nini?