Doa Jeupe Kwenye Shingo ya Kizazi Maana Yake Nini?

Mama amepimwa shingo ya kizazi, akaambiwa kuna mabadiliko. Anarudi nyumbani akijihesabu mgonjwa wa saratani, na wengine harudi tena kituoni. Mara nyingi, alichoambiwa si saratani.

Chanzo ni virusi vya HPV, vinavyoenea kwa kujamiiana. Watu wengi, wake kwa waume, huvipata wakati fulani maishani, na kinga ya mwili huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vinaweza pia kukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo majibu haya hayaonyeshi nani alimletea nani. Msigombane bure.

Vikibaki, hasa aina ya 16 na 18, chembe za shingo ya kizazi huanza kubadilika. Kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huo wote haumwi popote, ndiyo maana anayesubiri dalili huchelewa.

Mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa nguvu, anasubiri dakika moja, kisha anatazama. Penye chembe zilizobadilika panakuwa peupe. Doa dogo huweza kutibiwa siku hiyohiyo, kwa kuchomwa na joto au kugandishwa kwa baridi kali. Ni kazi ya dakika chache na kizazi hakitolewi. Doa kubwa, au lililoingia ndani, hupelekwa hospitali kubwa likakatwe. Baada ya kuchomwa au kugandishwa, majimaji hutoka ukeni kwa wiki kadhaa. Pumzika tendo la ndoa kwa takribani mwezi mmoja, na urudi kupimwa baada ya mwaka. Hapo ndipo wengi husahau.

Tanzania inalenga kupima wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi na hupimwa mara nyingi zaidi. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Chanjo hukinga, haiondoi doa lililokwishatokea.

Ukitoka damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usisubiri siku ya upimaji. Nenda hospitali sasa.